Kulipwa kwa Wakati

Mtu wa kazi za kujitegemea anayekabidhi kazi kabla ya kulipwa amemkopesha mteja wake. Mbunifu wa nembo wa Kinondoni aliyetuma mafaili yote na kuambiwa asubiri mwisho wa mwezi, mfasiri wa Mombasa anayehesabu siku 45 za wakala wa Ulaya, mpiga picha wa Mwanza aliyekwisha kupeleka albamu ya harusi huku bwana harusi akisema mambo hayajakaa sawa, wote ni wakopeshaji. Benki haitoi hata shilingi kabla ya kumjua mkopaji, kuandika masharti na kupanga tarehe za marejesho. Watu hawa hutoa kazi ya wiki nzima kwa maneno ya simu, kisha hushangaa deni linapogeuka safari za kila Ijumaa. Mkopo wa namna hii hauepukiki kabisa, kwa kuwa hakuna mteja mkubwa atakayelipa kila kitu mapema. Unaweza kupunguzwa, kuandikwa na kusimamiwa, na usimamizi huo huanza siku ya makubaliano, wiki kadhaa kabla ankara haijaandikwa.

Wateja huchelewa kulipa kwa sababu zinazotofautiana sana, na dawa ya moja haitibu nyingine. Yupo asiye na fedha, aliyeagiza kazi akitumaini kwamba zitapatikana njiani. Yupo mwenye fedha ambaye karatasi hazijakamilika ofisini kwake. Yupo pia mwenye fedha na karatasi zote, ila ameona kwamba fundi huyu ni mpole, akaamua kumaliza kwanza na wanaomsumbua. Wa kwanza hudhibitiwa kwa malipo ya awali na ya awamu, wa pili kwa kuzijua taratibu za ofisi yake, wa tatu kwa tarehe, ufuatiliaji na kusimamisha kazi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuwachukulia wote kuwa wa aina ya tatu, na kumfokea mhasibu ambaye kikwazo chake ni tarakimu moja ya TIN, namba ya mlipakodi, iliyokosewa.

Makubaliano kabla ya kazi

Kumjua mteja hakuhitaji upelelezi mkubwa. La kwanza ni kufahamu nani hasa anaagiza kazi na nani atailipia. Kijana anayesema "anasimamia" kampeni ya kampuni ya vinywaji anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, au wa wakala wa matangazo, au dalali aliyepata kazi na kuigawa kwa wengine. Dalali hulipa akilipwa, na wakala naye mara nyingi hivyo hivyo, kwa hiyo muda wa kusubiri huongezeka kwa kila mkono uliopo katikati. Kampuni ya Tanzania inaweza kutafutwa katika rejista ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kenya, hati iitwayo CR12, inayopatikana kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Baada ya hapo waulizwe waliowahi kufanya kazi na mteja huyo. Wafasiri wamelizoea jambo hili: kwenye tovuti ya ProZ.com kuna ubao uitwao Blue Board, ambako mawakala wa tafsiri duniani kote hupewa alama na watu waliowafanyia kazi. Mafundi wa picha, wa programu na wa uchapaji hawana ubao wa namna hiyo kwa wateja wa mjini kwao, lakini wanafahamiana, na simu mbili tatu hutoa habari ile ile.

Kisha makubaliano yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, na Kenya pia mkataba wa kawaida wa huduma si lazima uwe wa maandishi. Tatizo ni kwamba ukivunjika, ubishi wote unakuwa juu ya nini kilisemwa, na kila upande una kumbukumbu yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi ya mtaalamu ndiyo mali yake. Waislamu wanalo agizo la jambo hili katika aya ya 282 ya Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inayoelekeza deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe, liwe dogo au kubwa. Anayeona haya kumwandikia mkataba ndugu, jirani au mtu wa msikiti mmoja naye, kwa kuogopa kuonekana hamwamini, anaweza kuiweka haya hiyo kando.

Maandishi hayo hayahitaji muhuri wala lugha ya kiwakili. Barua pepe ya ukurasa mmoja inayoeleza kazi, bei na tarehe, na jibu la mteja linalosema amekubali, vinatosha kwa kazi nyingi. Yanayosahauliwa ndiyo yanayogharimu. Idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei itajwe, kwa sababu mteja anayeomba "badiliko dogo tu" mara ya saba anasogeza pia siku ya kulipa. Mwenye mamlaka ya kuikubali kazi naye atajwe kwa jina au cheo, na iandikwe kwamba akinyamaza kwa siku saba baada ya kuipokea, kazi imekubalika. Vilevile isemwe nani anabeba makato ya benki, na kama bei ni kabla ya kodi au pamoja nayo.

Lililo zito kuliko yote ni tukio ambalo siku za malipo zinahesabiwa kutoka hapo. "Siku 14 tangu ankara kupokelewa" ni sharti zuri, maana ankara inatumwa na anayedai. "Baada ya kazi kuridhiwa" linamwachia mteja ufunguo, kwani asiporidhia hadaiwi. Baya zaidi ni "tovuti ikienda hewani". Tovuti nyingi hukaa miezi zikiwa zimekamilika, zikisubiri mteja alete picha za wafanyakazi na maelezo ya huduma zake, na aliyeijenga hana uwezo wa kumwandikia. Malipo yafungwe kwenye jambo ambalo anayedai analitekeleza mwenyewe: kukabidhi rasimu, kukabidhi toleo la majaribio, kukabidhi faili la mwisho.

Kuhusu malipo ya awali, wasomi wa kompyuta na kalamu wana aibu ambayo mafundi wengine hawana. Seremala wa Keko hakati ubao kabla ya kupewa fedha ya mbao, na hakuna mteja anayeona ametukanwa. Mbunifu au mfasiri naye ana mbao zake: bando, umeme, leseni za programu, na zaidi ya vyote siku ambazo angezitumia kwa mteja mwingine. Advansi ya asilimia 30 hadi 50 ni ya kawaida, na inafanya jambo moja zaidi ya kuleta fedha. Inampima mteja mapema. Ofisi inayoshindwa kutoa advansi ya laki tatu kwa mwezi mzima imekwisha kuonyesha itakavyolipa milioni moja iliyobaki, na imeonyesha wakati ambao kujitoa bado hakuna hasara.

Kazi ndefu igawanywe katika awamu nyingi kuliko nusu kwa nusu. Kipimo kizuri ni kwamba salio la mwisho lisizidi kiasi ambacho mwenye kazi anaweza kukikosa na bado akalipa pango la nyumba. Hata mteja mwaminifu anaweza kuanguka ghafla. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika yaliyokuwa yakilipa vizuri kwa miaka mingi yalijikuta na ankara za kazi iliyokwisha kufanyika bila fedha za kuzilipa. Aliyekuwa akilipwa kwa awamu za kila mwezi alidai mwezi mmoja, na aliyesubiri ripoti ya mwisho alidai mradi mzima.

Hakimiliki pia ni silaha halali, kama imeandikwa mapema. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mchoraji au mpiga picha asiyesema lolote anaweza basi kuwa amepoteza haki yake na bado hajalipwa. Sentensi moja inatosha: haki za kutumia kazi zitahamia kwa mteja siku malipo yote yatakapopokelewa. Hadi siku hiyo mteja apewe picha zenye alama ya mwenyewe, nembo ya ukubwa wa kutazama tu, au tovuti iliyo kwenye seva ya aliyeijenga. Baada ya makabidhiano mlango huo umefungwa. Kuingia kwa siri kwenye tovuti ya mteja na kuizima ili alipe kunaweza kuwa kosa la jinai, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 Tanzania na ile ya mwaka 2018 Kenya, na kunamgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Ankara ndani ya ofisi

Ankara ikishatumwa hupita mikononi mwa watu ambao aliyeituma hajawahi kuwaona. Afisa mawasiliano aliyeagiza kazi, aliyeisifia na kuahidi kwamba "malipo hayana shida", kwa kawaida hana sahihi yoyote benki. Ankara hutoka kwake kwenda kwa afisa manunuzi, anayeilinganisha na LPO, yaani hati ya ofisi ya kuagiza kazi. Huenda kwa mhasibu, anayetafuta hati ya kuthibitisha kwamba kazi imepokewa, TIN au, kwa Kenya, PIN ya mamlaka ya kodi (KRA), na maelezo ya akaunti. Mhasibu huandaa hati ya malipo, mkuu wake huipitia, kisha wenye sahihi, ambao mara nyingi ni wawili na mmoja wao husafiri, huidhinisha. Ndipo benki huingia. Karatasi moja ikipungua, ankara huwekwa pembeni. Hairudishwi, na hakuna anayepiga simu. Aliyeituma hukaa wiki tatu akiamini inasonga.

Kwa sababu hiyo maswali ya kumuuliza mteja mpya, kabla ya kuanza kazi, ni ya kikarani kabisa. Ankara inapokelewa na nani, kwa barua pepe au kwa karatasi? Mtoa huduma lazima asajiliwe kwanza kwenye mfumo wao? Inahitaji kuambatanishwa na nini? Malipo yanafanyika tarehe zipi za mwezi, na mwisho wa kupokea ankara ni lini? Swali hili la mwisho lina thamani kuliko barua kumi za kumbusho. Ofisi inayolipa tarehe 25 kwa ankara zilizofika kabla ya tarehe 15 haitamlipa aliyeleta tarehe 16 hadi mwezi unaofuata. Siku moja ya uzembe wa kuandika ankara imekuwa mwezi mzima, na mteja hana kosa.

Ankara yenyewe iwe rahisi kulipwa. Jina la mteja liandikwe kama lilivyo kwenye LPO, herufi kwa herufi, hata kama mjini anajulikana kwa jina fupi. Iwe na namba yake, tarehe yake, namba ya LPO, na tarehe ya mwisho ya kulipa iliyotajwa waziwazi, "14 Agosti", kwa kuwa "siku 30" humfanya kila msomaji ahesabu kuanzia anapotaka. Jina la akaunti lifanane na lililoko benki, maana fedha zilizotumwa kwa jina la biashara kwenda kwenye akaunti ya jina la mtu zinaweza kurudishwa, na hakuna anayejua hadi mwenye fedha aulize. Mteja mdogo awekewe pia namba ya kulipia kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mwenye duka anaweza kulipa akiwa amesimama kaunta, na kisingizio cha kutofika benki kimekwisha. Muamala mmoja wa M-Pesa nchini humo una kikomo cha shilingi 250,000, kwa hiyo ankara kubwa hugawanywa au kupitia benki.

Kodi huchelewesha malipo ya watu wengi wasioelewa kwa nini. Kenya, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, haikubaliwi kupunguzwa kwenye mapato ya kampuni inapokokotoa kodi yake, isipokuwa kwa aina chache zilizosamehewa. Mhasibu anayekataa ankara iliyochapwa kwenye kompyuta ya nyumbani anailinda kampuni yake isilipe kodi ya juu zaidi. Tanzania, risiti ya EFD, inayotolewa na mashine za kodi zilizoanza kutumika mwaka 2010, ina nafasi kama hiyo. Hapa pana mtego kwa aliyesajiliwa kwa VAT: akitoa risiti ya fedha ambazo hajapokea, kwa kuwa ofisi imeidai kabla ya kulipa, anaweza kudaiwa VAT na mamlaka ya kodi, TRA, huku mteja bado anamzungusha. Akubaliane na mteja kwamba ankara inatangulia na risiti inatolewa siku ya malipo. Ofisi nyingine zitakataa, na hapo bei na advansi zizingatie hatari hiyo.

Kodi ya zuio nayo huleta ugomvi usio na sababu. Tanzania na Kenya, anayelipa huduma za kitaalamu za mkaazi hukata asilimia 5 na kuipeleka mamlaka ya kodi, ambapo Kenya makato hayo huanza malipo ya mwezi yanapofika shilingi 24,000. Ankara ya shilingi 2,000,000 ya Tanzania italeta 1,900,000 benki. Laki moja hiyo haijaibwa. Ni kodi ya mtaalamu mwenyewe iliyolipwa mapema kwa jina lake, na anachotakiwa kudai ni cheti cha makato, akitumie wakati wa ritani. Asiyedai cheti huenda akalipa kodi ya fedha ile ile mara ya pili.

Serikali ni mteja wa aina yake. Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huisha tarehe 30 Juni, na ankara iliyokosa kulipwa kabla ya hapo huingia katika bajeti mpya, ambako hushindana na mahitaji mapya. Madeni ya wakandarasi na watoa huduma wa kaunti za Kenya yamekuwa habari ya kila mwaka tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, na baadhi yao wamefilisika wakiwa na ankara zilizoidhinishwa mkononi. Anayefanya kazi na taasisi ya umma ajitahidi kukabidhi na kuleta ankara kabla ya Mei. Na asianze bila LPO. Afisa anayesema "anza tu, LPO itakuja" anaweza kuwa na nia njema, lakini akihamishwa kituo kesho, anayekuja hataona karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ofisi inadaiwa.

Mteja aliye ng'ambo

Wafasiri wa Kiswahili, wanaogeuza sauti kuwa maandishi, waandishi na waandaa programu wa Nairobi, Arusha na Kampala hupata sehemu kubwa ya kazi zao kutoka Ulaya na Marekani. Wakala wa huko hulipa kwa masharti yaliyopangwa, siku 30, 45 au 60, na mengi huongeza maneno "kuanzia mwisho wa mwezi". Maneno hayo yanastahili kuhesabiwa vizuri. Kazi iliyokabidhiwa na kuandikiwa ankara tarehe 2 Machi, kwa sharti la siku 30 kuanzia mwisho wa mwezi, italipwa tarehe 30 Aprili, yaani baada ya siku 59. Iliyokabidhiwa tarehe 30 Machi italipwa siku hiyo hiyo. Mwenye kujua hili humaliza kazi kubwa kabla mwezi haujageuka, na hujadili bei akikumbuka kwamba anamkopesha wakala kwa karibu miezi miwili.

Fomu za malipo za Ulaya hudai IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa ambayo benki za Kenya na Tanzania hazitumii. Fedha nyingi zimekwama kwa sababu mtu alijaza namba ya kubuni ili fomu ikubali. Mhasibu wa wakala aandikiwe mapema kwamba kinachohitajika ni namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT. Benki za katikati nazo hukata ada zao njiani. Mteja anaweza kuagiza benki yake ibebe makato yote, chaguo linaloandikwa OUR kwenye fomu ya kutuma fedha. Lisipochaguliwa, ankara ya dola 100 inaweza kufika ikiwa imepungua kwa kiasi cha kuumiza, na kwa sababu hiyo ankara ndogo ndogo zikusanywe zitumwe pamoja.

Sheria za huko zinamlinda anayedai kuliko wengi wanavyodhani. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2011/7 linataka taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30. Biashara zinapewa siku 60, na kuzipita huhitaji makubaliano ya wazi yasiyomkandamiza anayedai. Anayechelewa hudaiwa riba ya pointi nane juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, na fidia ya angalau euro 40. Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1998 yenye riba kama hiyo juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo. Jiji la New York lilianza kutumia sheria yake tarehe 15 Mei 2017: kazi ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na tarehe ya malipo isipotajwa ni siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mkalimani wa Kiswahili anayeishi huko ana haki hiyo mkononi. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa, haki hizi hufuata sheria inayotawala mkataba wake, kwa hiyo mkataba na wakala wa Ulaya utaje sheria ya nchi ya wakala. Hata bila kwenda mahakamani, barua inayotaja kifungu cha sheria ya nchi ya mteja husomwa na mtu wa juu zaidi ofisini.

Majukwaa ya kazi kama Upwork hutatua sehemu ya tatizo kwa kushika fedha. Kwa kazi ya bei maalumu, mteja huweka fedha za hatua husika kabla, na asipojibu ndani ya siku 14 baada ya kazi kuwasilishwa, fedha huachiliwa zenyewe. Ulinzi huo upo tu kwa hatua ambayo tayari imewekewa fedha. Anayeanza kazi akiahidiwa kwamba fedha zitawekwa kesho amejiondoa mwenyewe chini ya mwavuli.

Kufuatilia deni

Ufuatiliaji mzuri huanza kabla deni halijachelewa. Siku mbili baada ya kutuma ankara, ujumbe mfupi uulize kama imefika na kama kuna kilichopungua. Hapo ndipo TIN iliyokosewa hugunduliwa, wakati bado haijagharimu kitu. Wiki moja kabla ya tarehe, kumbusho la adabu: "Shikamoo Mama Rehema. Nakumbusha ankara namba 18 ya shilingi 850,000, ambayo tarehe yake ni Ijumaa ijayo. Kama kuna karatasi inayohitajika kutoka kwangu, naomba unijulishe leo niilete." Ujumbe kama huu haumlaumu mtu, na unambebesha mpokeaji kazi ya kujibu.

Tarehe ikipita, simu ipigwe siku hiyo hiyo au inayofuata. Wengi hukaa kimya wiki mbili kwa heshima, na ukimya huo husomwa ofisini kuwa deni hili linaweza kungoja. Simu iende kwa mhasibu, kwa upole wote, maana yeye ndiye anayechagua ankara ipi iwe juu ya rundo. Kinachotafutwa katika simu hiyo ni tarehe. "Tunalishughulikia" haina siku ndani yake, na inafaa kujibiwa kwa swali: je, ni malipo ya tarehe 10 au ya tarehe 25? Akisema bosi amesafiri, aulizwe nani anaweka sahihi bosi asipokuwepo. Baada ya simu, mazungumzo yaandikwe kwa barua pepe au WhatsApp: "Asante kwa kunieleza kwamba malipo yatafanyika tarehe 25." Maandishi hayo yana uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na Kenya hukubalika ukiambatana na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi.

Kuna jambo moja ambalo anayedai alizuie kinywani mwake, nalo ni shida zake. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba na mgonjwa hospitalini ni mambo ya kweli, lakini yakiingia katika mazungumzo yanageuza haki kuwa ombi. Aliyeombwa hujiona na hiari ya kusaidia au kutosaidia, au hutoa elfu hamsini ya "kukushika mkono" kwa deni la milioni. Anayedai ataje kazi, tarehe na kiasi. Sehemu ya deni ikitolewa, ipokelewe na kuandikiwa risiti inayotaja salio.

Faini ya kuchelewa inafaa kwa wateja wengine, ikiwa iliandikwa tangu mwanzo. Waislamu wengi wa Unguja, Lamu au Mombasa hawatakubali kuitoza wala kuitozwa, kwa kuwa ni riba kwao. Isitumike pale inapochukiza, na wala hakuna hasara kubwa, kwa sababu faini haitishi kama kusimamisha kazi. Mteja mwenye deni la siku kumi na nne asipewe kazi mpya wala hatua inayofuata ya kazi ya sasa, na aambiwe hivyo kwa maandishi bila ukali. Hapa ndipo wengi hulegea. Huendelea kufanya kazi wakiamini kwamba kuacha kutamkasirisha mteja na deni la nyuma litapotea, na kila wiki wanaliongeza deni wanaloliogopa.

Deni likigoma

Baada ya kumbusho na simu kushindwa hubaki barua ya madai. Itaje mkataba, tarehe ya makabidhiano, namba ya ankara, kiasi na ahadi zilizotolewa, itoe siku 7 au 14, na iseme hatua itakayofuata. Ikitoka kwa wakili hugharimu zaidi na husomwa kwa makini zaidi, na madeni mengi huishia hapo, kwa kuwa mkurugenzi huliona kwa mara ya kwanza jambo lililokuwa likizungushwa chini yake. Kumwanika mteja mtandaoni kusichukue nafasi ya barua hiyo. Kunaweza kuleta kesi ya kashfa dhidi ya mdai mwenyewe.

Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Uganda ina utaratibu wa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za huko, na mawakili hawashiriki. Tanzania, madai ya kiasi kidogo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Kote huko anayefika na mkataba, LPO, uthibitisho wa kupokelewa kwa kazi, ankara na majibu ya mteja amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kesi yake.

Dai la mkataba lina muda wake wa kufunguliwa, ambao Tanzania na Kenya ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Mteja akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu yake kabla muda huo haujaisha, miaka sita huanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo.